Kupika biskuti za askari wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani kwenye jiko la mkaa

Askari wa kawaida wa kaskazini kwenye ile vita ya 1861 hadi 1865 alikua anaishi kwa biskuti ngumu, nyama ya nguruwe ya chumvi na kahawa, siku nyingi ndo hivo hivo asubuhi mpaka jioni. Biskuti ni rahisi: unga wa ngano vikombe 4, chumvi vijiko 2 vya chai, maji kama kikombe na kidogo, hamira wala mafuta usiweke. Kanda mpaka donge liwe gumu kweli, sukuma unene wa nusu inchi, kata mraba wa inchi 3, toboa kwa uma mpaka chini. Panga kwenye sufuria kavu, mkaa kidogo chini na mwingine juu ya mfuniko kama unaoka keki, geuza, alafu ziache zikauke kabisa, na kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba ziweke karibu na jiko maana unyevu ukibaki zinaota ukungu.

Usiziume kavu utavunja jino aisee. Wao walizivunja kwa kitako cha bunduki wakaloweka kwenye kahawa, wadudu wakielea wanaenguliwa mtu anaendelea kunywa. Au loweka maji ukaange na mafuta ya kitimoto, hii ndo tamu.

Kahawa chukua buni za Mbozi, kaanga, twanga. Askari wa kusini, maadui wa hao wa kaskazini, kahawa iliwaishia sababu bandari zao zilifungwa na manowari za kaskazini, ikabidi wakaange mahindi au viazi vitamu wachemshe, jaribu ukitaka ila mi hapana.