Kuruka kwa parachuti kwa ajili ya mchango: anzeni na gharama

Kama kikundi chenu kinataka kuruka kwa parachuti ili kuchangisha fedha za zahanati au kituo cha watoto, amueni kwanza nani analipia kuruka. Ushauri wangu: kila mrukaji ajilipie mwenyewe, na kila senti ya wachangiaji iende kwa walengwa. Kama hilo haliwezekani, semeni wazi tangu mwanzo ni kiasi gani kitalipia ndege na mkufunzi, na kiasi gani kitabaki. Mtu anayetoa pesa yake ana haki ya kujua inakwenda wapi.

Anayeruka kwa mara ya kwanza kwa kawaida hufungwa pamoja na mkufunzi, hivyo hahitaji mafunzo marefu. Lakini vituo vya kuruka kwa parachuti huweka kikomo cha uzito na huuliza kuhusu afya. Ulizeni mapema, kabla mtu hajawatangazia ndugu na marafiki kwamba ataruka. Tengeni pia siku ya akiba, maana upepo mkali au mawingu mazito huahirisha kila kitu.

Anayeogopa urefu asiachwe nje: akabidhiwe daftari la michango, na hesabu isomwe mbele ya wote siku hiyohiyo.