Jinsi ya kumtafuta fundi wa yadi za meli za mfalme, Uingereza ya miaka ya 1700

Mzee niliyekuwa nikimtafuta ni wa ukoo wa mume wangu, fundi wa kalafati, yaani wa kuziba nyufa za mbao za meli, katika yadi ya Chatham, mkoa wa Kent. Watoto wangu wana damu yake, nami niliwaahidi kuwaletea habari zake. Siku zangu mbili za kwanza katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kule Kew, London, zilipotea bure pamoja na nauli. Naandika ili zako zisipotee.

Tiketi ya msomaji, ile ya kukuruhusu kusoma nyaraka zenyewe, haina taabu: jisajili mtandaoni, kisha uje na kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Agiza nyaraka kabla ya safari. Kalamu ya wino hairuhusiwi, beba penseli, na simu ya kupigia picha kurasa.

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini. Usianze na jina. Mimi niliandika jina la mzee kwenye katalogi, halikutokea. Nikajaribu tahajia nne, wapi. Nikarudi nyumbani nikiamini hakuacha alama yoyote. Kumbe madaftari ya mishahara ya yadi, yale ya namba ADM 42, katalogi inayataja kwa yadi na miaka tu. Jina la fundi utalikuta ukishafungua daftari lenyewe. Kwa hiyo njoo na mambo matatu mkononi: yadi yake (Deptford, Woolwich, Chatham, Sheerness, Portsmouth au Plymouth), kazi yake, na mwaka ambao una hakika alikuwa kazini. Ndani, watu wamepangwa kwa kazi: waunda meli kwao, mafundi wa kalafati kwao, wasokota kamba kwao, washona matanga kwao.

Mambo hayo matatu utayapata kwenye vitabu vya parokia na kwenye wasia. Wasia uliothibitishwa katika mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury uko kwenye namba PROB 11, na unapakuliwa ukiwa nyumbani. Kwenye parokia angalia sana tarehe. Hadi 1751, mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Nilikuta ndoa ya Juni 1748 na ubatizo wa mtoto Februari 1748, nikadhani nimechanganya familia mbili, nikaanza upya. Februari ile kwa hesabu yetu ni ya 1749, na mtoto alizaliwa ndani ya ndoa. Andika miaka yote miwili, 1748/49, tangu siku ya kwanza.

Kuna kazi moja inayotaka subira, nayo ni kutenganisha baba na mwana wenye jina moja. Mwanagenzi alitumikia miaka 7, na ujira wake ukapokewa na fundi aliyemfunza. Basi fuata daftari robo mwaka baada ya robo mwaka: jina lililokuwa chini ya fundi mwingine likianza kusimama lenyewe, huyo ni kijana aliyehitimu. Mimi nilipitia miaka tisa namna hiyo, na ndiyo iliyonipa uhakika kuliko karatasi nyingine yoyote.

Ukishakuwa na hakika naye, ndipo urudi kwenye jina. Barua zilizopelekwa kwa Bodi ya Jeshi la Majini, iliyosimamia yadi hizo, namba ADM 106, nyingi zimeelezwa katika katalogi hadi majina ya watu: aliyeumia kazini, aliyeomba kuhamishwa, aliyedai haki yake. Humohumo mna madaftari yanayoeleza umri na umbo la mafundi. Hayo yaagize hata kama umechoka.

HMS Victory, meli ya kivita maarufu, ilishushwa majini Chatham tarehe 7 Mei 1765. Nilifungua daftari la robo hiyo, na mzee wetu yumo, mstari mmoja, kati ya mafundi wa kalafati. Mwanangu mdogo ameibandika picha ya ukurasa huo juu ya kitanda chake.