Namna ya Kupanga Vipaumbele vya Fedha za Usafiri na Miundombinu ya Jiji

Orodha ya miradi ya jiji huwa ndefu kuliko mfuko wake, kwa hiyo kazi ya kupanga vipaumbele inapaswa kuanza kabla ya mradi wowote kutajwa kwa jina. Vigezo vinavyotungwa baada ya miradi kuwekwa mezani hugeuka upesi kuwa hoja za kutetea mradi ambao tayari una mwenyewe. Wahandisi, wahasibu na madiwani wakubaliane kwanza juu ya vigezo na uzito wa kila kimoja, wavitangaze hadharani, kisha ndipo maombi yapokelewe.

Andaa pia rejista ya mali za jiji inayoonyesha kila barabara, daraja, kalvati na mtaro, hali yake na mara ya mwisho ilipokarabatiwa. Kutokana na rejista hiyo, tenga fungu la matengenezo kabla ya kugawa fedha nyingine zote, na usiliruhusu lishindanishwe na miradi mipya, kwani litashindwa kila mara: hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe kwenye mtaro uliozibuliwa. Lami haichakai kwa mwendo mmoja. Hukaa miaka mingi ikiwa na dalili chache, lakini nyufa zikishapitisha maji hadi tabaka za chini, barabara huharibika kwa kasi, na gharama ya kuijenga upya huwa kubwa mno ikilinganishwa na ile ya kuziba nyufa mapema. Ndiyo maana si busara kuanza na barabara mbovu kuliko zote, ingawa ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Barabara iliyokwisha kuharibika kabisa inaweza kusubiri mwaka mmoja bila gharama yake kupanda sana, ilhali ile inayoanza kupasuka haiwezi.

Katika kukadiria uchakavu, usihesabu magari pekee. Majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, yaliyofanyika nchini humo kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaoshika magurudumu), yaani ekseli yenye uzito maradufu huharibu barabara karibu mara 16. Udhibiti wa uzito wa malori, kwa mtazamo huo, ni sehemu ya matengenezo. Madaraja nayo yasichanganywe na barabara katika mizani moja ya alama, kwa kuwa daraja linaloanguka halitoi nafasi ya kurekebisha uamuzi. Lile la Morandi mjini Genoa, Italia, liliua watu 43 lilipoporomoka tarehe 14 Agosti 2018.

Miradi mipya ipimwe kwa idadi ya watu itakaowahudumia, wakiwemo waendao kwa miguu, ambao hesabu nyingi za barabarani huwaruka. Kupanua barabara kwa ajili ya kuondoa foleni kuna faida ndogo kuliko inavyodaiwa: wanauchumi Duranton na Turner, katika utafiti wao wa 2011 kuhusu miji ya Marekani, waliona kwamba safari za magari huongezeka karibu kwa uwiano uleule na barabara zinazoongezwa. Njia maalumu ya mabasi, kama ile ambayo Curitiba, Brazili, ilianza kuitumia mwaka 1974, mara nyingi hubeba watu wengi zaidi kwa fedha ileile.

Usiyachukue makadirio ya gharama kama yalivyoletwa. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walichunguza miradi 258 ya usafiri na kuchapisha matokeo mwaka 2002: miradi ya reli ilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45, na ya barabara kwa asilimia 20. Pandisha makadirio kwa kiwango cha aina ya mradi husika kabla ya kutoa alama, kisha ongeza fidia za ardhi, uhamishaji wa mabomba na nyaya, pamoja na gharama za uendeshaji za kila mwaka. Mradi usio na fungu la uendeshaji urudishwe kwa walioupendekeza, hata kama ujenzi wake unalipiwa na ruzuku; ruzuku ya namna hiyo ni deni lililochelewa kufika.

Mkopo uelekezwe kwenye mali itakayodumu kuliko muda wa kuulipa, kamwe si kwenye kuziba mashimo. Thamani ya muda wa msafiri, yaani fedha zinazohesabiwa kwa kila saa ambayo mradi unamwokolea, iwe moja kwa wote, maana ikikokotolewa kwa kipato, mitaa yenye uwezo itaongoza daima. Porto Alegre, pia nchini Brazili, ilipoanzisha bajeti shirikishi, ambapo wakazi hushiriki kuamua matumizi ya jiji, mwaka 1989, iligawa fedha kwa kutazama pia idadi ya wakazi wa kila eneo na upungufu wa huduma zake, na kigezo hicho kinaweza kuingizwa katika jedwali lolote la alama.

Mwisho, chapisha alama za miradi yote, pamoja na sababu za iliyokataliwa, na uweke akiba ya miradi midogo ambayo michoro na ardhi yake viko tayari, ili fedha zinazopatikana mwishoni mwa mwaka wa bajeti zisikimbizwe kwenye mradi ambao haujapimwa.