Kuanzisha kikao cha kufuma kwa kina mama waliopigwa majumbani

Dada mmoja wa Sengerema anataka kuanzisha kikao kama chetu cha huku Igoma, Mwanza. Nimemwandikia hivi.

1. Anza na watu sita. Nunua sindano za kufumia namba 4 na uzi mnene wa rangi nyepesi. Mweusi usinunue hata ukipunguziwa bei: matundu hayaonekani, na mama anayehangaika kuyatafuta huanza kujiita mjinga. Ukili naupenda, ila hautaki kuachwaachwa. Uzi unauweka chini mtoto akilia.

2. Panga viti ili kila mmoja auone mlango.

3. Fundisha mnyororo, kisha duara. Akikosea, usimpokonye kazi ukamfumulia. Omba kwanza.

4. Usimuulize mtu yaliyompata. Mmoja wetu alikuwa akihesabu, "kumi na mbili, kumi na tatu, alinipiga na mwiko, kumi na nne." Hakuna aliyeinua uso. Jirani yake alisema "pole dada", akamsogezea uzi.

5. Kurudi nyumbani. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilifungua grupu la WhatsApp nikaliita jina la kuwatia moyo waliopigwa. Mume wa mmoja akashika simu, akasoma. Nilizunguka na mjumbe kumtafuta mama huyo hadi saa tano usiku, tukamkuta kwa dada yake, mzima. Sasa grupu linaitwa Vitambaa vya Makochi, na ujumbe ni mmoja tu: "uzi umefika." Picha hatupigi. Usimpigie simu, subiri apige yeye. Kila mtu aondoke na kipande cha kuonyesha, maana anayerudi mikono mitupu huulizwa alikuwa wapi. Lakini kile anachokipenda kibaki kwenye boksi lako, tumeshachomewa viwili. Hela ya mauzo nayo, muulize kila mmoja aipokeeje. Wengine laini ya simu anayo mume.

6. Akitaka kushtaki, msindikize Dawati la Jinsia na Watoto polisi; akiwa na majeraha, aombe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Akisema mume ana haki ya kumwadhibu, msomee kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Asipotaka, endeleeni kufuma.

7. Mkasi uwe mmoja, na uuone umerudi kabla hujafungua mlango.