Namna ya kuendesha zamu ya leba mkiwa wachache

Anza kugawa hatari, vitanda baadaye. Wafawidhi wengi tumezoea "wewe shika kitanda cha 1 hadi cha 5, mwenzako cha 6 hadi cha 10". Inaonekana haki, kumbe mkunga mmoja amebeba wagonjwa wawili wa kifafa cha mimba, na mwenzake ana akina mama wanaosubiri tu kupelekwa wodini.

Kwa hiyo ripoti isipokelewe mezani. Piteni kitanda kwa kitanda, wanaotoka na wanaoingia, partografu (chati ya maendeleo ya uchungu) mkononi, mkijiuliza: huyu akibadilika, atabadilika kwa lipi? Mwenye presha ya 160/110 aliyeanzishiwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, mpe mkunga mzoefu kuliko wote, hata kama ndiye uliyemtaka akazalishe. Apime refleksi ya goti, ahesabu pumzi, afuatilie mkojo, na kalsiamu glukonati, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe karibu naye. Mwanafunzi asiachiwe mama huyo hata kwa dakika chache.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni damu baada ya kujifungua. Zamu ikianza, taja kwa majina: Sista fulani atasugua mfuko wa uzazi, fulani ataweka kanula na dripu, fulani atachoma oksitosini ya kubana mfuko wa uzazi na kuandaa asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, fulani ataita daktari na kukimbilia damu. Vifaa vyote vikae kwenye boksi moja. Na msikadirie damu kwa macho. Khanga mbili chini ya mama hunywa damu nyingi, juu ukaona doa tu. Tumieni shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo: ikifika mililita 500 anzeni tiba zote kwa pamoja, ikifika 300 huku mapigo au presha si ya kawaida, msingoje. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, ambao hospitali za Tanzania zilishiriki, ulionyesha utaratibu huu ukipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Hao ni akina mama wanaorudi nyumbani.

Friji nalo lina mwenyewe. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, na joto la Dar mnalijua. Mtu mmoja aandike joto asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, aandike saa na mlango usifunguliwe ovyo. Chupa zetu za maji ya kunywa zitafutiwe mahali pengine.

Kwa tulio upande wa Ilala, masika yana mpango wake. Bonde la Jangwani likijaa maji, anayetoka Kimara au Mbezi hafiki kwa wakati. Kubalianeni tangu jana nani wa usiku atabaki, na saa zake mrudishie wiki hiyohiyo. Usipozirudisha, mara ya pili hatabaki, na atakuwa na haki.

Kuhusu uchache wenyewe, kumwambia matroni "tumezidiwa" hakusaidii. Kila zamu andika: akina mama wangapi, wakunga wangapi, na kipi hakikufanyika, kwa mfano mapigo ya mtoto hayakusikilizwa kwa saa mbili. Peleka karatasi hiyo kila mwezi kwake na kwa mganga mfawidhi, nakala ubaki nayo.

Mkimaliza kuokoa mama aliyetokwa damu, kaeni dakika tano. Mgeni wa kazi aliyetetemeka aongee kwanza. Kisha boksi lijazwe upya kabla mtu hajaenda kunywa chai.