Injini ya kitambo ukishaifunga, usiwashe kabla hujaona oili imefika juu

Wenye Morris Minor, Peugeot 404, Land Rover za zamani, sikizeni. Injini zinazokufa baada ya ovahoo (kufunguliwa na kufanywa upya) nyingi huharibika dakika za mwanzo tu, na mara nyingi si spea mbovu, ni oili haikufika pahali, na hilo lawezekana kutizamwa kwa mkono kabla ya kuwasha, kwa hivyo fundi asikuharakishe.

Anza na matundu. Bloki ikirudi kutoka kusagwa toa vile vizibo vya njia kuu ya oili, pitisha brashi ndefu na parafini ndio upige upepo, manake upepo peke yake hautoi zile chembe zilizogandana na oili kuukuu. Krenki pia, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Mimina parafini tundu la mainbering (pale krenki inapokalia bloki) uone yatokea la konrodi (mkono wa pistoni), ikitoka nyeusi rudia hadi itoke safi.

Beringi mpya, tundu lake liangaliane na la bloki. Nusu mbili saa zingine hazifanani, moja haina tundu, ukiweka moja mahali pa nyingine ushaziba njia. Nafasi kati ya beringi na krenki iwe kama sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya unene wa krenki, ikizidi sana presha haishiki, na kwa joto letu hili, jemu ya daraja la Nyali hapa Mombasa saa nane mchana, oili yazidi kuwa nyepesi. Mimi natia 20W-50, oili nzito, hizi nyembamba za gari mpya hapana.

Pampu usifunge kavu, itavuta hewa tu, jaza vaselini kwenye gia zake, huyeyuka yenyewe. Silikoni ya kuziba maungio paka kidogo, ikizidi huminyika ndani ikakatika ikaziba chujio la pampu.

Sasa tia oili, toa spaki plagi zote, zungusha na stata kidogo kidogo hadi geji ipande, kifuniko cha valvu kikiwa wazi. Wataka kuona oili kwenye kila roka (kile kijikono kinachosukuma valvu) mpaka ya mwisho. Haijafika? Roka shafti imegeuzwa, ama sapoti yenye tundu haiko pahali pake, ama gasketi ya hedi imewekwa kinyume. Fungua tena, tafadhali, hata kama ni usiku na watu wamechoka.

Ikiwaka na kemshafti (shafti inayofungua valvu) ni mpya, ishikilie mizunguko kama 2000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, macho kwenye geji, presha ikianguka zima hapo hapo. Kisha mwaga hiyo oili mapema, pasua filta, na ukiona chembe rangi ya shaba teremsha sampu, bakuli la oili chini ya injini, uangalie beringi.