Jinsi ya kukokotoa pete ya Einstein kwa kalamu na kikokotoo

Kijana mmoja wa chuo, akiwa likizo kwao Mikindani, aliniletea daftari la hesabu za lenzi ya mvutano, yaani kitu kizito kama galaksi kinachopinda kwa mvutano wake nuru ya kitu kilicho nyuma yake (chanzo); vikipangana sawasawa, chanzo huonekana kama duara, nalo ndilo pete ya Einstein. Aljebra yake ilikuwa safi na fomula yake sahihi, lakini jibu likagoma kufanana na la kitabu. Tatizo lilikuwa kwenye umbali, na wengi ninaowafundisha hapa Mtwara hukwama papo hapo. Mengine yote ni hisabati ya kidato cha sita.

Hatua ya 1: Pembe ya kupinda

Mwali ukipita karibu na kitu chenye tungamo M, kwa umbali b, unapinda kwa pembe

α = 4GM / (c²b)

G ni namba thabiti ya mvutano, c ni kasi ya nuru.

Kwa mwali unaogusa ukingo wa Jua, jibu ni sekunde 1.75 za pembe (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Hesabu ya Newton inatoa nusu ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapeleka mwanaastronomia Eddington kisiwani Príncipe na wenzake Sobral, Brazili, kupima nyota wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919. Kivuli cha siku ile kilivuka Afrika kutoka magharibi, kikapita huku kusini mwa Tanganyika na kaskazini mwa Msumbiji. Wanafunzi wangu wote lazima walijue hilo.

Hatua ya 2: Mlinganyo wa lenzi

Chora mwangalizi, lenzi na chanzo. β ni pembe ya mahali chanzo kilipo kweli, θ ni pembe ya mahali tunapokiona, zote zikipimwa kutoka kwenye lenzi. Utapata

β = θ − θE²/θ

θE² = (4GM/c²) × DLS / (DL × DS)

DL ni umbali wetu hadi kwenye lenzi, DS hadi kwenye chanzo, DLS kutoka lenzi hadi chanzo. Chanzo kikiwa nyuma ya lenzi kabisa, β = 0, unaona pete yenye nusu kipenyo θE.

Hatua ya 3: Vipimo

Achana na G kwenye kikokotoo. Vipeo vya kumi vitakupoteza bure. Kariri kwamba 4GM/c² ya Jua ni kilomita 5.907, kisha zidisha kwa idadi ya Majua, yaani tungamo ya lenzi ni mara ngapi ya Jua. Megapaseki moja ni kilomita 3.0857 × 10¹⁹. Radiani moja ni sekunde 206,265.

Hatua ya 4: Umbali (hapa usiharakishe)

Ukitoka Mtwara kwenda Kilwa kupitia Lindi, kipande cha Lindi hadi Kilwa unakipata kwa kutoa. Mkono unataka kufanya vivyo hivyo hapa: DLS = DS − DL. Usifanye hivyo.

D zote tatu ni umbali wa pembe, yaani ukubwa halisi wa kitu ukigawanywa kwa pembe kinayoonekana nayo. Ulimwengu ulikuwa mdogo zaidi nuru ilipotoka kwenye chanzo kuliko ilipopita kwenye lenzi, kwa hiyo umbali wa namna hii hautolewi moja kwa moja. Unaotolewa, kwa ulimwengu bapa (ambao jiometri yake ni ya kawaida, isiyopinda), ni umbali χ unaopanuka pamoja na ulimwengu:

χ = (c/H₀) ∫ dz / √(0.3(1+z)³ + 0.7), kuanzia 0 hadi z

Hapa z ni redishifti, yaani kiasi ambacho mawimbi ya nuru yamerefushwa na upanukaji wa ulimwengu; 0.3 ni sehemu ya maada na 0.7 ya nishati ya giza. Kwa H₀, kasi ya upanukaji wa ulimwengu leo, nimechukua 70 km/s kwa megapaseki, hivyo c/H₀ ni megapaseki 4,283.

Kiintegreli hiki hakina jibu jepesi la aljebra. Tumia kanuni ya Simpson, na ninasisitiza uifanye kwa mkono angalau mara moja kabla ya kugusa kompyuta. Mfano wetu una chanzo kwenye z = 2 na lenzi kwenye z = 0.5. Kwa z = 2 gawa vipande vinne. Thamani za kukokotoa ni 1, 0.764, 0.568, 0.431 na 0.337. Utapata χ ya karibu megapaseki 5,177. Kompyuta inatoa 5,180. Kwa z = 0.5 ni 1,889.

Sasa gawa kwa 1 + z:

DL = 1,889 / 1.5 = 1,259
DS = 5,180 / 3 = 1,727
DLS = (5,180 − 1,889) / 3 = 1,097

Angalia kigawanyo cha mwisho: ni 1 + z ya chanzo, si ya lenzi. Na angalia kwamba DL + DLS inazidi DS kwa mbali. Namba hizo ziko sawa, usizirekebishe. Kwa kutoa moja kwa moja ungepata 468, na tungamo utakayoikadiria kutokana na pete ingekuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kweli. Ukitumia ulimwengu usio bapa, hata kanuni hii ya kutoa χ haifai. Na lenzi ikiwa nyota ya humuhumu kwenye galaksi yetu, upanukaji hauna kazi, toa tu kama kawaida.

Kwenye Python, tumia Astropy, maktaba ya programu za astronomia. Kazi unayoitaka ni `angular_diameter_distance_z1z2`. Usiite ile ya kawaida mara mbili ukatoa.

Hatua ya 5: Jibu

Kwa lenzi ya Majua 10¹², θE = sekunde 2.03. Ukipata 1.32, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 6: Picha mbili

Chanzo kikisogea pembeni:

θ = ½ (β ± √(β² + 4θE²))

Kwa β = sekunde 1 na θE ya hatua ya 5, picha zinakuwa 2.59 upande mmoja na 1.59 upande wa pili. Kwasa (kiini angavu mno cha galaksi ya mbali) pacha ya Q0957+561, iliyogunduliwa mwaka 1979, ilijulikana hivyo: picha mbili za kitu kimoja, sekunde 6 hivi kati yao.

Hatua ya 7: Galaksi si nukta

Tungamo ya galaksi imetawanyika. Mimi huanza na modeli ya tufe isothemo (tungamo iliyosambaa kama tufe, nyota zikiwa na mtawanyiko uleule wa kasi kila mahali), kwa sababu inatumia kitu kinachopimika, yaani mtawanyiko wa kasi za nyota, σ:

θE = 4π (σ/c)² × DLS/DS

Jaribu σ = 220 km/s kwa umbali uleule wa juu. Ukipata sekunde 0.89, uko tayari kushika data halisi.